Majani ya njano kabla ya kuvuna zabibu: urea ibaki stoo

Kila mwaka ifikapo Julai, vichala vikianza kulainika, swali ni lile lile huku Dodoma, kutoka Hombolo mpaka Mpunguzi: majani ya chini yamekuwa ya njano, zimebaki wiki nne kuvuna, niweke urea kiasi gani kwa shina? Jibu la neno moja, "usiweke", limeshindwa kazi. Mtu analisikia, anarudi shambani, anayaona yale majani tena, na jioni mfuko umefunguliwa. Kwa hiyo leo naandika sababu zote mahali pamoja.

Zabibu ikishabadili rangi, au kwa nyeupe kama Chenin Blanc ikishalainika na kuanza kupitisha mwanga, mzabibu haujengi tena mwili, unahamisha. Nitrojeni, potasiamu na magnesiamu ni virutubisho vinavyotembea ndani ya mti: hutolewa kwenye majani makongwe na kupelekwa penye uhitaji, na kwa wakati huo penye uhitaji ni kwenye vichala. Majani matatu au manne ya mwanzo wa tawi yana umri wa miezi mitatu na yamefunikwa kivuli. Yakififia kwa usawa, bila madoa wala kuungua, yamemaliza kazi yake. Hata ukiyarudishia ukijani kesho, mwanga yanaoupata pale chini hautengenezi sukari ya maana. Sukari yako inatoka kwenye majani ya katikati na ya juu ya tawi. Kama hayo ni ya kijani, na kila kichala kina majani mazima 10 hadi 15 juu yake, huna upungufu wa kutibu.

Sasa hiyo urea. Ina nitrojeni asilimia 46. Ukimwaga gramu 50 kwa shina umeweka gramu 23 za nitrojeni kwa mkupuo, wakati ambao punje tayari zinalishwa na yale majani makongwe. Ukiiacha juu ya udongo mkavu wenye joto, sehemu yake inapotea hewani kama amonia. Ukimwagilia, inaingia, na hapo ndipo hasara inapoanza. Mzabibu wa Dodoma haulali kama wa nchi za baridi. Ukipata maji na nitrojeni unachipua papo hapo, hata ukiwa na mzigo wa matunda. Machipukizi ya pembeni yanatoka na kula sukari iliyokuwa inaelekea kwenye vichala, kivuli kinaongezeka, rangi inachelewa, ganda la punje linabaki laini, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, unapata majani machanga ya kushambulia. Mkulima anakuja kuona shamba la kijani kibichi lenye zabibu chachu, anasema urea haikufanya kazi. Ilifanya kazi yake, ila si kazi uliyoihitaji.

Na tafadhali, samadi mbichi haikwepi hesabu hii kwa sababu ni ya asili. Nitrojeni iliyotoka kwa ng'ombe inachipusha vilevile.

Kabla hujaamua chochote, pima sukari. Hili nalisisitiza kuliko yote, maana rangi ya jani haiuzwi. Chukua punje 100 kutoka mashina mengi, pande zote mbili za mstari, nyingine za begani mwa kichala na nyingine za nchani. Ukichuma zile nzuri za upande wa jua tu utajidanganya kwa digrii mbili au tatu. Kamua zote pamoja, koroga, tone moja kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari ya juisi. Kifaa kwanza kisome sifuri kwa maji safi, na kisikae juani. Rudia baada ya siku saba, saa ile ile ya asubuhi. Sukari ikipanda digrii moja ya Briksi (kipimo cha sukari kwenye kifaa hicho) au zaidi kwa wiki, mti unakula vizuri na njano ya chini haikuhusu. Ikisimama wiki mbili wakati bado uko chini ya digrii 18, hapo kuna tatizo, na mara nyingi si mbolea. Ni maji, au mzigo mkubwa wa vichala, au majani yaliyoharibiwa na ugonjwa. Kikundi kikinunua refraktomita moja ya mkononi inawatosha wote, na bei yake haifiki hasara ya kuvuna mapema shamba moja.

Sasa njano zenyewe, kwa wale ambao kweli wana tatizo.

Magnesiamu ni rahisi kuitambua: jani la chini linakuwa njano katikati ya mishipa huku mishipa mikubwa ikibaki na ukanda wa kijani, mfano wa kabari kuanzia ukingoni kuingia ndani. Kwenye zabibu nyekundu kama Makutupora Red sehemu hiyo huweza kuwa ya zambarau. Huu ndio upungufu pekee ninaoona una maana kuugusa karibu na mavuno, na kwa masharti: uwe umepanda hadi majani ya katikati, na uwe na wiki tatu au zaidi mbele yako. Magnesiamu salfeti gramu 200 hadi 300 kwenye bomba la lita 20, jioni jua likipungua, lenga majani na si vichala. Rudia baada ya siku 10 kama muda unaruhusu. Usiichanganye na kalisi naitreti kwenye bomba moja, zitagandana kuwa jasi na kuziba nozeli. Kwa zabibu za mezani kuwa mwangalifu zaidi: mabaki meupe na kufutika kwa ule unga wa asili juu ya punje kunashusha bei sokoni.

Njano ya majani machanga ya juu, mishipa midogo ikibaki kijani kama wavu, ni chuma. Karibu na mavuno mara nyingi umezidisha maji au udongo una chokaa. Punguza maji, endelea na kazi nyingine.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kweli: ukingo wa jani ulioungua. Kila anayeuona anasema potasiamu, na dukani wanamuuzia potasiamu. Nusu ya shida ya zabibu zetu inafichwa hapo, kwa sababu hapa Dodoma tuna visima vyenye chumvi, na jani lililoungua kwa chumvi linafanana mno na lenye njaa ya potasiamu. Tofauti zipo ukitulia. Njaa ya potasiamu huanza na ukanda wa njano ukingoni, kisha ukanda huo unakauka polepole, jani likijikunja kingo. Chumvi inaunguza bila kupitia njano: kahawia inagusana moja kwa moja na kijani, mpaka wake umekatwa kama kwa wembe. Halafu angalia mzigo. Potasiamu inavutwa na punje, kwa hiyo mashina yaliyobeba vichala vingi huumia zaidi na shina lisilo na matunda linabaki zuri. Chumvi haichagui. Shina tupu na shina lililojaa yote yanaungua, hasa mwisho wa mstari ambako maji hutuama na kukaukia. Ukiona utando mweupe kuzunguka tundu la matone, umepata jibu lako.

Miongozo ya FAO inasema zabibu huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1.5 kwa mita (kipimo cha chumvi cha maabara), sawa na maji ya umwagiliaji yenye desisimensi 1 hivi. Peleka chupa ya maji ya kisima maabara mara moja, hasa ya mwisho wa kiangazi. Sasa fikiria mtu mwenye maji ya namna hiyo anauziwa potasiamu kloraidi kwa sababu ni rahisi. Kloraidi ndiyo iliyokuwa inamuunguza. Ameongeza sumu na kuiita tiba. Ukihitaji potasiamu kwenye zabibu, tumia potasiamu salfeti, na wakati wake ni kuanzia punje zinapotunga hadi kabla hazijalainika. Na kusafisha chumvi kwa kumwagilia sana hakufanyiki wiki tatu kabla ya kuvuna: punje zitanyonya maji, zitapasuka, na nyuki na nyigu watafika kabla ya mnunuzi. Subiri uvune.

Kuhusu busta za "kuongeza sukari" nitasema machache. Hakuna kinachonyunyizwa kinachokuwa sukari ndani ya punje, sukari inatengenezwa na jani. Potasiamu ya kunyunyiza baada ya kubadili rangi hutoa matokeo yasiyolingana shamba kwa shamba, na kwa zabibu za mvinyo ikizidi inapandisha pH ya juisi, yaani uchachu unapungua, na mvinyo unapooza. Kalisi ndiyo bure kabisa kipindi hiki: inasafiri na maji kwenye mishipa ambayo, punje ikishalainika, haiipeleki tena kwa kiasi cha maana, na iliyo kwenye jani haihami.

Kuna mawili ambayo vitabu huyapita haraka. Kwanza, katika nchi za mvinyo wapo wanaonyunyiza urea kidogo sana kwenye majani zabibu zinapobadili rangi, ili juisi iwe na nitrojeni ya kulisha hamira kiwandani. Inafanya kazi. Ila pale juisi imepimwa kwanza, na lengo si kuponya njano. Bila kipimo cha juisi siishauri hapa. Pili, kukauka kwa vikonyo, ambapo mkia wa kichala unanyauka na punje zinabaki chachu na kusinyaa. Maelezo ya kawaida ni magnesiamu na kalisi kuwa chache mbele ya potasiamu. Mara kunyunyiza magnesiamu kunasaidia, mara hakufanyi lolote, na watafiti wenyewe hawajakubaliana juu ya chanzo. Kata sehemu iliyokauka usiichanganye na mavuno.

Kwa mavuno yetu mengine, ya Februari na Machi, ongeza tahadhari moja: mvua ikiwepo, njano yenye madoa kama ya mafuta juu ya jani na ukungu mweupe chini yake ni ubwiri vinyoya. Usiulize mbolea. Ukinunua dawa, soma kwanza siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Na shina moja likinyauka peke yake katikati ya mstari wa kijani, fukua kwenye shingo utafute mchwa.

Kinachotakiwa kufanyika sasa ni alama. Funga kitambaa kwenye mashina yenye dalili za kweli, rangi moja kwa magnesiamu, nyingine kwa kuungua ukingo, maana ukishapogoa ushahidi wote umeondoka na majani. Tani moja ya zabibu huondoka shambani na kilo 2 hadi 3 za potasiamu, kwa hiyo deni lipo na linalipwa, ila kwa wakati wake. Ukishavuna, mwagilia maji mengi mara moja pale penye chumvi, kama una maji mazuri ya kufanyia hivyo. Ukipogoa, weka debe moja la samadi iliyooza kwa shina, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye shina, ifukie. Machipukizi yakifika urefu wa kiganja, mbolea ya nitrojeni ya CAN gramu 40 kwa shina, ambayo ni vizibo vinane vya soda, na nyingine kiasi hicho hicho punje zikitunga. Potasiamu salfeti gramu 50 pamoja na hiyo ya pili. Maji yafuate siku hiyo hiyo.