Je, wajua ubao hushikwaje kwenye meza ya CNC bila klampu wala skrubu?

Katika karakana kubwa za makabati, fundi hulaza shiti nzima ya ubao wa MDF juu ya meza ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, hufungua valvu, pampu ikaanza kunguruma, na kazi ikaanza. Hapigi skrubu wala hafungi klampu. Biti, yaani kisu cha mashine, inazunguka mara 18,000 kwa dakika, inakata milango ya kabati kutoka pembe moja hadi nyingine, na shiti imetulia tuli. Nini kinaishika?

Wengi hujibu kwamba meza inaivuta. Haivuti chochote. Kazi ya pampu ni kutoa hewa iliyo chini ya ubao, basi. Kinachoushika ubao ni hewa iliyo juu yake. Ni kama kunywa dafu kwa mrija: kinywa hupunguza hewa mrijani, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Anayetaka kujitengenezea meza ya namna hii alishike hilo kwanza, kwa sababu mambo mengine yote ya usanifu wake yanatokana nalo.

Pwani, kwenye usawa wa bahari, hewa hutukandamiza kwa takriban kilopaskali 101. Hiyo ni kama kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Ubao uliowekwa mezani hausikii mzigo huo, maana hewa ipo juu yake, kandoni na hata chini yake. Ukiipunguza ya chini, ya juu inabaki bila mpinzani.

Sasa tupige hesabu. Shiti ya mita 1.22 kwa 2.44 ina eneo la karibu mita 3 za mraba. Hata pampu ikipunguza kilopaskali 20 tu, yaani sehemu moja ya tano ya hewa, shiti hiyo inakandamizwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani 6. Hakuna klampu za kutosha karakanani kufikia hapo. Lakini chukua kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwenye meza hiyohiyo: kinapata kilo 20. Tena biti husukuma kando, na kinachozuia kuteleza kando ni msuguano. Msuguano ukiwa sehemu tatu za kumi za mkandamizo, kipande kimebaki na kilo 6 za kujitetea. Biti nene inayokwenda kwa kasi huzishinda, kipande kinaruka na biti inavunjika. Ndiyo maana mashine hukata mlango wa kabati bila shida, kisha ikashindwa na kipande kidogo cha nakshi.

Mbele ya hesabu hiyo mafundi wamepita njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuikubali hewa ivuje. Chini kuna boksi lililochongwa vijifereji, juu yake hulazwa shiti ya MDF ya kutumika kama kitanda cha kazi. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na hewa hupenya ndani yake. Ila nyuso zake zimeshindiliwa zaidi kuliko moyo wake, kwa hiyo pande zote mbili hukwanguliwa kwa mashine yenyewe, kiasi cha nusu milimita hadi milimita moja, ili hewa ipate njia. Kingo nne za kitanda hupakwa gundi ya mbao au rangi, mpaka zizibe kabisa. Zikiachwa wazi, pampu itafyonza hewa ya pembeni siku nzima na ubao hautashikwa. Raha ya meza hii ni kwamba unalaza kipande cha umbo lolote, popote, na biti inaweza kuzama kidogo kitandani bila hasara. Kitanda kikichakaa unakikwangua upya.

Njia ya pili ni kuiziba hewa isipite hata kidogo. Bamba la alumini au plastiki ngumu huchongwa vijifereji vinavyokatana kama mraba mraba, na kamba ya mpira laini huingizwa katika vile vinavyozunguka umbo la kipande. Kipande kikikaa juu ya mpira, ndani panakuwa pamefungwa. Hapo pampu inaweza kuondoa kilopaskali 80, na kile kipande cha sentimita 10 kwa 10 kinapata kilo 80 badala ya 20. Bei yake ni kwamba hukati mpaka chini bila kupanga vizuri, maana biti ikigusa mpira, hewa inaingia na ombwe (upungufu wa hewa chini ya kipande) limekwisha. Plaiwudi iliyopinda nayo haifai hapa.

Kwenye pampu ndipo pesa nyingi hupotea. Ipo blowa, inayohamisha hewa nyingi lakini hupunguza kilopaskali 20 hadi 30 tu. Ipo pampu ya mapanga, inayofika 80 na zaidi lakini huhamisha hewa kidogo. Ya kwanza ni ya meza inayovuja, ya pili ni ya meza iliyozibwa. Anayenunua pampu ya mapanga kwa sababu ina namba kubwa, kisha akaiunga kwenye kitanda cha MDF, ataona mshale wa geji ukilala karibu na sifuri, kwa sababu hewa inaingia haraka kuliko inavyotolewa. Ushauri wangu ni kuamua meza kwanza, pampu baadaye. Blowa ipewe bomba nene lenye kona chache, filta ya kuzuia unga wa mbao, na valvu ya kuingiza hewa pale meza inapozibwa yote, kwa sababu hewa inayopita ndiyo inayoipoza.

Kwetu kuna jambo moja zaidi la kuangalia, nalo ni mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake hukandamiza kwa takriban kilopaskali 83. Pampu inayotoa sehemu nne kwa tano za hewa itakipa kipande chetu karibu kilo 81 Dar es Salaam, na kilo 66 Nairobi. Karatasi za maelezo ya pampu mara nyingi huandikwa kwa usawa wa bahari, hivyo fundi wa Nairobi akisoma 66 kwenye geji asifikiri ameuziwa mbovu.

Meza ikishajengwa, gawa eneo lake kwa valvu, nne au sita, ili sehemu isiyofunikwa ifungwe. Kisha panga ukataji wenyewe, kwa sababu kila mkato unaofika chini ni uvujaji mpya. Biti inayovuta maranda juu huunyanyua ubao. Inayoyasukuma chini huusaidia kukaa. Vipande vidogo acha ngozi nyembamba ya nusu milimita chini yake, uikate kwa mpito wa mwisho wa taratibu, na vikatwe kwanza, wakati shiti bado ni nzima na tani zake zote zipo.