Namba ya VO2 max kwenye saa yako: yanayosemwa Kampala na ukweli wake

Kwa wanaokimbia asubuhi hapa Kampala, namba moja, VO2 max, yaani uwezo wa mwili kutumia oksijeni, imeanza kuchukua nafasi ya salamu. "Afande, VO2 max yako ngapi?" "Arobaini na sita." "Mimi hamsini na moja, mzee." Wa arobaini na sita anaondoka kanywea, wa hamsini na moja anaongeza mwendo. Kati yao hakuna aliyepimwa. Wote wawili wamekadiriwa na saa walizofunga mkononi, na makadirio hayo yanaweza kukosea kwa zaidi ya hizo tano wanazotambiana.

Naandika haya kwa sababu nimeona namba hii ikiwafanya watu waache mazoezi kwa kukata tamaa, na wengine wakwepe kipimo cha presha kwa kujiamini. Yote mawili yananiuma.

"Saa inapima oksijeni ninayotumia"

Haipimi. VO2 max ni kiasi cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja ukiwa umefika mwisho wa nguvu zake, na hutajwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito. Kuipata kwa uhakika ni kazi ya maabara. Mtu anapanda kwenye mashine ya kukimbilia, anavishwa barakoa iliyounganishwa na mtambo wa kuchunguza hewa, kisha kasi na mwinuko vinaongezwa kidogo kidogo hadi ashindwe kabisa, kwa kawaida ndani ya dakika 8 hadi 12. Mtambo unalinganisha oksijeni iliyovutwa na iliyotolewa. Mwingereza A. V. Hill alilifanyia kazi wazo hilo huko Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo si jambo la jana.

Saa haioni pumzi yako. Inachosoma ni mapigo ya moyo, kwa taa za kijani zinazomulika damu chini ya ngozi, na mwendo wako kwa GPS. Mengine umeyajaza mwenyewe: umri, jinsia, kimo, uzito. Mapigo na matumizi ya oksijeni hupanda pamoja karibu kwa mstari ulionyooka, na gharama ya kukimbia kwa mwendo fulani inajulikana. Basi saa ikiona moyo unapiga mara 150 kwa mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, inapiga hesabu: moyo huu ukifika kikomo, mwili utakuwa unatumia oksijeni kiasi gani? Ni sawa na kukadiria uzito wa gunia la kahawa kwa kutazama jasho la mchukuzi. Mwenye uzoefu atakaribia, lakini bado hajaliweka kwenye mizani.

Kosa la kwanza huingia hapo penye kikomo. Saa nyingi, usipozirekebisha, huchukua mapigo ya juu kabisa kuwa 220 ukitoa umri. Kwa mtu wa miaka 40 hiyo ni 180. Kanuni hiyo ni wastani wa umma, na mtu mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au 12 bila ugonjwa wowote. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2004 kanuni nyepesi kwa mtu aliyetulia, waliyoijaribu kwa wanaume wenye mazoezi ya kutosha: 15.3 zidisha kwa mapigo ya juu kabisa, gawanya kwa mapigo ya mapumziko. Kwa 180 na 60 unapata karibu 46. Ikiwa mapigo yako halisi ya juu ni 192, ni karibu 49. Ukilala vibaya ukaamka na mapigo ya mapumziko 68, ile 46 imeshuka hadi 40 na kitu, na mwili ni uleule wa jana. Si kila saa hutumia kanuni hiyo, ila zile zinazokupa namba kabla hata hujakimbia zinategemea mambo ya aina hiyohiyo.

Wengine huchanganya namba hii na asilimia ya oksijeni kwenye damu, ile ya 95 hadi 100 ambayo wengi tuliijua wakati wa Korona kwa kifaa cha kubana kidole. Mtu asiyefanya mazoezi kabisa anaweza kuwa na 98 kwenye damu na VO2 max ya 25.

"Saa ya bei mbaya haikosei"

Bei husaidia, hasa ikinunua GPS nzuri. Lakini mwaka 2022 jarida moja la tiba ya michezo lilichapisha mapitio ya tafiti zilizolinganisha saa na maabara. Kwa saa zinazokadiria mtu akiwa mazoezini, wastani wa kosa ulikuwa karibu sifuri. Kabla hujafurahi, kumbuka kwamba wastani wa sifuri hupatikana pia pale waliozidishiwa na waliopunguziwa wanapofutana. Kwa mtu mmoja mmoja kosa lilitawanyika karibu 10 juu na karibu 10 chini. Kwa zile zinazokadiria mtu akiwa ametulia, hali ilikuwa mbaya zaidi: zilizidisha kwa wastani wa 2 na kidogo, na mtawanyiko ulikwenda kutoka 13 chini hadi 17 juu.

Sasa wafikirie tena wale wawili, wa 46 na wa 51. Inawezekana kabisa kwamba maabara ingewageuza.

Kuna mwelekeo mwingine unaojirudia kwenye tafiti: saa huwapunguzia wenye uwezo mkubwa na kuwaongezea wasio na mazoezi. Mimi huyu wa pili ndiye ananisumbua, kwa sababu anaambiwa yuko "wastani" na anaamini.

"Hizi saa hazisomi ngozi nyeusi"

Wasiwasi huu una msingi. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hunyonya mwanga wa kijani, na kile kifaa cha kubana kidole kimeonekana kukosea zaidi kwa watu weusi. Utafiti wa Michigan uliochapishwa mwaka 2020 uliona kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kugunduliwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Hilo ni jambo zito na wahudumu wetu wa afya wanapaswa kulijua.

Lakini kusoma mapigo ni kazi nyingine. Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walijaribu saa kadhaa kwa watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi, na rangi haikuleta tofauti ya maana katika mapigo. Kilicholeta tofauti ni kujongea: kosa liliongezeka kwa asilimia 30 mtu akiwa kwenye shughuli kuliko akiwa ametulia. Tafiti nyingine hazikukubaliana zote, kwa hiyo sisemi mjadala umefungwa. Ila kwa mkimbiaji wa Kampala, mkanda uliolegea unaharibu zaidi kuliko ngozi yake. Upandishe juu ya kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, uukaze wakati wa kukimbia, uulegeze baadaye. Anayetaka uhakika zaidi avae mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe na hauhitaji mwanga.

"Namba imeshuka, basi nimeharibika"

Hapa ndipo nchi yetu yenyewe inapoingia kwenye hesabu. Saa inapenda njia tambarare na mwendo usiokatika. Fitbit, kwa mfano, huomba mbio za angalau dakika 10 mahali tambarare. Sasa nionyeshe dakika 10 za tambarare kati ya vilima vya Naguru na Kololo. Kwenye mlima mwendo unapungua na mapigo yanapanda, na saa isiyojua vizuri mwinuko inaona mtu aliyechoka kwa mwendo wa kobe. Kwenye mteremko unapewa sifa usizostahili. Kwenye makutano unasimama kupisha teksi na boda, moyo bado uko juu na miguu imetulia. Wapo pia wanaosahau kuzima kurekodi wakapanda boda kurudi nyumbani. Saa nzuri hujaribu kuchuja hilo, nyingine zinameza tu.

Joto nalo hupandisha mapigo kwa mwendo uleule. Begi la mgongoni ni uzito ambao saa haikuambiwa. Garmin huanza kurekebisha kwa joto linapopita digrii 22 na kwa mwinuko unapopita mita 800, kwenye saa zake zenye uwezo huo. Ukifikiri kidogo utaona kwamba sehemu kubwa sana ya Uganda iko juu ya mita 800: Kampala ni karibu 1,200, Kapchorwa karibu 1,900, Kabale karibu 2,000. Ukipita mita 1,500, uwezo wa mwili hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Mtu wa Kampala mwenye 45 akienda Kabale kwa wiki moja anaweza kushuka kwa namba 2 hivi. Ni kushuka kwa kweli, kwa sababu hewa ya huko ina oksijeni haba, lakini mazoezi yake hayajapotea popote.

Halafu kuna malaria. Homa huongeza takriban mapigo 10 kwa kila digrii moja, na hata ikiisha, malaria inaweza kukuacha na upungufu wa damu. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, kwa hiyo hapo namba ikishuka inasema kweli. Mtu wa namna hiyo hahitaji kukimbizwa zaidi. Anahitaji kupimwa wingi wa damu na kupumzika.

Na angalia uzito ulioujaza siku uliyonunua saa. Namba hii hugawanywa kwa kilo. Mwili unaotumia lita 2.6 kwa dakika ni 40 kwa mtu wa kilo 65, na ni 33 kwa mtu wa kilo 78. Mama aliyepungua kilo kadhaa ataona VO2 max ikipanda ingawa mapafu na moyo ni vilevile. Aifurahie, kwa sababu kupanda mlima wa Muyenga kutakuwa rahisi kweli.

"Namba yangu iko juu, moyo wangu mzima"

Dhana hii ndiyo naiogopa kuliko zote.

VO2 max haioni presha. Haioni mshipa wa moyo uliopungua upana, wala sukari. Mtu anaweza kukimbia vizuri, akapewa "bora sana" na saa, na presha yake iwe 160 kwa 100 bila dalili hata moja. Presha hujulikana kwa kufungwa ile pampu mkononi, kituo chochote cha afya, na ni jambo la dakika chache.

Ubaya zaidi uko kwa wanaotumia dawa za jamii ya beta-bloka, kama atenololi, propranololi na bisoprololi. Kazi ya dawa hizi ni kupunguza kasi ya moyo. Saa inaona mapigo ya chini kwenye mbio na kwenye mapumziko, na kwa sababu haijui habari za vidonge, inahitimisha kwamba hapa pana mwanamichezo. Mzee aliyeanza dawa mwezi uliopita anaona namba imepanda, anaambiwa na vijana "Mzee umepona", na siku moja anaacha vidonge. Kuacha dawa hizi ghafla ni hatari. Presha na mapigo yanaweza kurudi kwa kishindo, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo inaweza kuleta mshtuko wa moyo. Baadhi ya saa, Apple Watch ikiwemo, zina mahali pa kueleza kwamba unatumia dawa zinazopunguza mapigo. Jaza hapo, na mambo ya dozi yabaki kati yako na daktari.

"Mwenye VO2 max kubwa ndiye mkimbiaji"

Oskar Svendsen, mwendesha baiskeli wa Norway, alipimwa maabara mwaka 2012 akapata takriban 97, namba ambayo wengi wetu hatutaikaribia hata nusu yake. Aliacha mashindano akiwa bado kijana. Derek Clayton wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni tangu mwisho wa miaka ya 1960, alipimwa akawa na chini ya 70. Mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 huko Valencia mwaka 2020, alikuwa na moyo mkubwa bila shaka, lakini pia miguu isiyopoteza nguvu kwa kila hatua na uwezo wa kukaa karibu na kikomo chake kwa muda mrefu. Hayo hayamo kwenye ile namba.

"Basi ni upuuzi, tuizime"

Hapana. Uwezo wa moyo na mapafu ni habari muhimu sana. Watafiti wa Cleveland Clinic walifuatilia watu 122,007 waliopimwa kwa mashine ya kukimbilia, na katika matokeo ya mwaka 2018 waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi ndio waliokufa wachache zaidi. Mwaka 2016 Shirika la Moyo la Marekani lilitaka uwezo huu uhesabiwe kati ya vipimo vya msingi vya mgonjwa. Ila watu wale walikimbizwa kwenye mashine. Hawakusomewa na saa.

Ya saa itumie kwa kujilinganisha na wewe mwenyewe: saa ileile, njia ileile, asubuhi yenye ubaridi, na uangalie miezi badala ya siku. Ikipanda taratibu kwa miezi mitatu, kuna jambo jema linatokea, hata kama namba yenyewe imekosea kwa 6.

Na kama unataka kitu kisichotegemea taa za kijani, tafuta uwanja wa mzunguko wa mita 400, kama ule wa Kyambogo, ukimbie dakika 12 kwa nguvu zako zote. Daktari Kenneth Cooper alikibuni kipimo hiki kwa wanajeshi wa anga wa Marekani na kukichapisha mwaka 1968. Chukua mita ulizokimbia, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Mizunguko 5 ni kama 33, mizunguko 6 ni kama 42, mizunguko 7 ni kama 51. Nayo ni makadirio, na mwinuko wa Kampala utakupunguzia kidogo, lakini angalau umbali umeukimbia mwenyewe na hakuna aliyekisia kikomo cha moyo wako. Mwenye presha, maumivu ya kifua au kizunguzungu asikijaribu kabla ya kumwona daktari. Na aliyekaa miaka bila mazoezi aanze kwa wiki kadhaa za kutembea kwa kasi.