Kwa nini intaneti ya Mbps 10 haipakui MB 10 kwa sekunde?

Jirani yangu amefunga intaneti nyumbani mwezi uliopita. Mkataba umeandikwa Mbps 10. Jioni ya siku ileile alinijia amekunja uso: filamu ya MB 700, aliyotegemea iingie kwenye kompyuta kwa sekunde 70, imemchukua dakika kumi kasoro. Hesabu yake ni 700 gawanya kwa 10, basi. "Wamenipiga," akasema.

Hawakumpiga. Iliyompiga ni herufi moja. Kwenye Mbps, yaani megabiti (biti milioni) kwa sekunde, b ndogo ni biti. Kwenye MB, B kubwa ni baiti. Biti nane ndiyo baiti moja, kama vibaba vinne vilivyo pishi moja, na jirani yangu aliuziwa kwa vibaba akaenda kupima kwa pishi. Megabiti 10 ukizigawa kwa 8 unapata megabaiti 1.25 kwa sekunde. Kwa mwendo huo filamu yake inamalizika kwa sekunde 560, yaani dakika 9 na sekunde 20. Ongeza na chenga kidogo, kwa sababu data husafiri ikiwa imekatwakatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubandikwa anwani ya inakotoka na inakokwenda. Mara nyingi pakiti ina baiti 1,500, na karibu 40 kati ya hizo ni anwani na maelezo ya safari, si filamu.

Lakini kwa nini kuwe na vipimo viwili?

Biti ni jibu la swali moja la ndiyo au hapana: umeme upo au haupo, 1 au 0. Jina lilibuniwa na Mmarekani John Tukey, na Claude Shannon akalitumia katika makala yake maarufu ya mwaka 1948 kuhusu hesabu za mawasiliano. Baiti ilikuja baadaye. Mwaka 1956 Werner Buchholz, mhandisi wa IBM, alitafuta neno la kuita fungu la biti zinazotosha kuandika herufi moja. Wakati huo hakuna aliyesema lazima ziwe nane. Mashine nyingine zilitumia sita, na telegrafu za zamani zilimudu herufi kwa tano tu. Nane ilipata nguvu IBM ilipotoa kompyuta za System/360 mwaka 1964, na tangu hapo wengine wakafuata. Kwa biti nane unapata michanganyiko 256, inayotosha herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, na bado nafasi inabaki.

Sasa mtu wa waya na mtu wa diski hawakuwa wakifanya kazi moja. Waya hupitisha biti moja baada ya nyingine; haujui wala haujali kama huko mbele zitafungwa tano tano au nane nane. Kwa hiyo watu wa telegrafu na modemu, vile vifaa vya kupitisha data kwenye waya wa simu, walipima biti kwa sekunde. Mwenye diski anatunza maandishi na picha, naye akapima kwa baiti. Kila upande ulibaki na kipimo chake mpaka leo. Sidhani kama wauzaji wa intaneti wanasikitika: namba inayotoka ni kubwa mara nane.

Waliowahi kukaa kwenye intaneti kafe enzi za modemu za kbps 56 wanakumbuka. Hiyo ni kilobaiti 7 kwa sekunde. Wimbo wa MB 3 ulikula zaidi ya dakika saba, mstari usipokatika.

Turudi kwenye herufi, maana hapa Kiswahili kina bahati yake. Herufi zetu zote ni za Kilatini zisizo na mapambo, hivyo kila moja huchukua baiti moja. "Habari" ni baiti 6. "Ng'ombe" ni baiti 7, ukiandika kile kikoma cha juu kilichonyooka. Ukitumia kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hupenda kukuwekea bila kuulizwa, chenyewe kinakula baiti 3 na ng'ombe wako anafika 9. Ni kidogo, lakini kwenye SMS kinauma. Ujumbe mmoja una baiti 140, na kwa kubana kila herufi katika biti 7 unapata herufi 160. Alama isiyomo kwenye orodha ya herufi za SMS ikiingia, kama emoji au hicho kikoma kilichopinda, ujumbe mzima hugeuzwa kuwa biti 16 kwa herufi na nafasi zinashuka hadi 70. Simu isipokubadilishia yenyewe, ng'ombe mmoja ndani ya ujumbe wa herufi 100 anakutoza SMS mbili.

Kuna na ugomvi wa flashi. Umenunua ya GB 64, kompyuta inasema 59.6. Hapo tena hakuna mwizi. Mtengenezaji anahesabu giga kuwa bilioni moja kamili. Windows inapanda kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa sababu kompyuta hupenda namba zinazotokana na kuzidisha mbili kwa mbili, na giga yake inakuwa 1,073,741,824. Bilioni 64 ukizigawa kwa hiyo, jibu ni 59.6. Mwaka 1998 yalitolewa majina mapya, kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti, ili kumaliza mkanganyiko. Majina hayo mtaani hayajafika.

Jirani akanielewa, kisha akaja na jipya: kama Mbps ni zilezile, mbona simu za video zinakwamakwama? Hapo tunaacha upana wa njia, yaani biti ngapi hupita kwa sekunde, tunaingia kwenye ucheleweshaji, ambao mafundi huuita pingi: muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kwa milisekunde. Chukua diski ya TB 1 (terabaiti, yaani baiti trilioni moja), ipakie kwenye basi la Mwanza kwenda Dar es Salaam, tuseme saa 16 njiani. Biti trilioni 8 kwa sekunde 57,600 ni karibu Mbps 139, zaidi ya nyumba nyingi zinavyopata. Lakini ukitaka kusema "haloo" na kujibiwa kupitia basi hilo, subiri kesho kutwa.

Ndivyo tulivyoishi na setilaiti kabla mikongo ya baharini, nyaya zinazopitisha data kwa nuru, haijafika pwani yetu, Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Setilaiti zile zilikaa karibu kilomita 36,000 juu. Swali lipande na kushuka, jibu nalo lipande na kushuka: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa nuru. Ndani ya mkongo nuru hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, pungufu kuliko angani, ila njia ni fupi mno.

Anataka sasa kupandisha kifurushi kiwe Mbps 20. Nilimwomba kwanza anionyeshe ruta ilipo. Iko jikoni, ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya masufuria. Mawimbi ya WiFi hayapiti kwenye chuma. Pakiti zinapotea, zinatumwa upya, na pingi inapanda. Tumeihamishia sebuleni, juu ya televisheni.