Saa ya mbizi haipimi mita
Jamani wazamiaji wenzangu wa Entebbe, juzi tena nimesikia mtu anasema saa yake ya mbizi, ile ya mkononi inayoonyesha kina, ni mbovu, eti kamba ya kupimia kina inasema mita 30 yenyewe inasoma 29 na kitu. Sio mbovu! Hiyo saa inapima presha ya maji halafu inapiga hesabu, sasa kama imesetiwa maji ya chumvi, huku Ziwa Victoria maji ni mepesi kwa kama asilimia 3, lazima isome pungufu. Tena tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, saa isiyojirekebisha inakula mita nyingine kama moja hivi. Unataka kuihakiki? Badilisha seti kwanza iwe ya maji yasiyo na chumvi, ifunge kwenye kamba yenye jiwe zito, uliyoipima ikiwa imelowa na kuvutika, shusha wima.