Fulana ya kumkejeli rais: kuivaa ruksa, kuisajili hapana

Nchini Marekani unaweza kuchapisha fulana ya kumdhihaki rais na kuiuza mchana kweupe bila polisi kukugusa. Kizungumkuti huanza ukitaka maneno yale yasajiliwe kuwa alama yako ya biashara.

Mwaka 2018 Steve Elster, wakili wa California, aliomba kusajili "Trump Too Small" (yaani "Trump mdogo mno") kwa ajili ya fulana. Maneno hayo yalitokana na majibizano ya Trump na mpinzani wake Marco Rubio kwenye mchujo wa 2016 wa kumpata mgombea urais wa chama cha Republican, kuhusu udogo wa mikono ya Trump. Elster akaugeuza udogo wa mwili kuwa udogo wa sera. Ofisi ya usajili ilikataa. Mahakama ya rufaa ikampa ushindi 2022, kisha Juni 2024 Mahakama ya Juu ikautengua, majaji wote tisa wakikubaliana na matokeo ingawa si kwa hoja zilezile. Sheria ya Lanham ya 1946, inayosimamia alama za biashara, hairuhusu kusajili jina la mtu aliye hai bila idhini yake ya maandishi.

Mbona bendi ya The Slants ilishinda 2017 ilipotaka kusajili jina lake? Wanamuziki hao, Wamarekani wenye asili ya Asia, walijiita kwa tusi walilokuwa wakitukanwa ili kulivua sumu. Kifungu kilichowakwamisha kilizuia alama zinazodhalilisha watu, yaani ukisifu unapita, ukitukana unakwama. Huko ni serikali kuchagua maoni, na Katiba inakataza. Kifungu cha majina hakichagui: hata ukimsifu Trump, bila saini yake hupiti. Naunga mkono matokeo hayo kwa dhati, kwa sababu Elster angeshinda, angeweza kuwashtaki wakosoaji wengine wa Trump kwa kuuza fulana zenye mzaha uleule.

Kabla hujalipa, jua kwamba ada ya msingi ya maombi ni dola 350 kwa kila daraja la bidhaa (nguo ni daraja la 25), na ukikataliwa hairudi. Maandishi makubwa kifuani huhesabiwa pambo, si alama ya biashara, hivyo sampuli unayowasilisha ionyeshe maneno kwenye lebo ya shingoni au kadi inayoning'inia kwenye nguo. Barua ya pingamizi kutoka ofisi ya usajili hujibiwa ndani ya miezi 3. Kwa dola 125 unaongezewa mingine 3. Lakini pingamizi likiwa ni jina, muda hausaidii. Lakabu au jina la ukoo pekee halikuokoi iwapo watu wanajua unamsema nani. Hata rais aliyefariki analindwa: maadamu mjane wake yu hai, idhini huombwa kwake.