Umefuta ngeli, sasa niambie nani kamng'ata nani

Tuelewane kabla hujanitumia faili jingine lenye kichwa "Lugha Isiyo na Sarufi". Nafundisha isimu hapa Arusha, lugha za kubuni ndio ulevi wangu, na karibu kila kijana anayeniletea lugha mpya huanza kwa kujisifia alivyovifuta: hakuna ngeli, hakuna njeo, hakuna viambishi, maneno mia moja tu. Eti mtu ataimaliza kwa siku moja. Maneno atayamaliza, sikatai. Akianza kuyaunganisha ndipo kasheshe.

Sauti sitazigusa. Irabu tano, silabi wazi, inatosha, tuendelee.

Wanaonichosha ni maadui wa ngeli. Chukua "kiti cha mwalimu kirefu" na "kiti cha mwalimu mrefu". Mpangilio ni uleule, na hakuna Mswahili atakayeuliza nini kirefu, maana kiambishi kimeshajibu. Haya, futa upatanisho: "kiti mwalimu refu". Utaniambia sifa ishikamane na neno lililo jirani yake. Sawa, lakini hiyo nayo ni sarufi, ndugu yangu! Tena urefu ukiwa wa kiti utafanyaje? Toki Pona, aliyoibuni Sonja Lang mwaka 2001 ikiwa na maneno kama 120, ilikutana na tatizo hilohilo, ikalazimika kuwa na kineno "pi", kinachoyafunga pamoja maneno yanayokifuata. "Tomo telo nasa" ni bafu la ajabu, kwa sababu kila neno hufafanua yote yaliyolitangulia. "Tomo pi telo nasa" ni nyumba ya maji ya ajabu, yaani baa. Ngeli haimo, ila kazi iliyokuwa ikifanywa na ngeli imo, na mwanafunzi anaikuta imemngoja palepale.

Hata hivyo sisi watetezi wa ngeli tuna jambo tunalolipita mbiombio. "Mtoto aliyemng'ata mbwa": aende hospitali nani? Kiima (mtenda) ngeli ya kwanza, yambwa (mtendwa) ngeli ya kwanza, viambishi vinatazamana tu. Anayetuokoa ni tabia ya mbwa, maana wao ndio hung'ata zaidi. Linganisha na "kiti alichokivunja mtoto", ambapo hakuna wa kubishana. Kwa hiyo ngeli hulipa nomino zikitoka ngeli tofauti. Zikitoka ngeli moja umebeba mzigo wa upatanisho, na utata uko palepale. Mbunifu anayeziacha kwa hoja hiyo nitamsikiliza. Wa "ni ngumu kwa wageni" aende zake.

Kundi la pili husema alama ya yambwa kwenye nomino ni udhia wa Wazungu. Zamenhof aliiweka kwenye Kiesperanto, lugha aliyoibuni na kuitangaza mwaka 1887: "la hundo mordis la infanon", mbwa alimng'ata mtoto. Sogeza "la infanon" mwanzoni na aliyeng'atwa bado ni mtoto, kwa sababu -n imeandamana naye. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe alipendekeza iondolewe, pamoja na upatanisho wa vivumishi, na wengi wa waliopiga kura wakakataa. Ido, lugha ya mwaka 1907 iliyotokana na Kiesperanto, iliibakiza pale tu yambwa inapotangulia, na kwangu huo ndio uamuzi wa fundi. Vivumishi vya Kiesperanto kufuata -n, hapo siwatetei. Kivumishi mara nyingi kimekaa ubavuni mwa nomino yake, kinamwogopa nani?

Kuhusu Wazungu, panda daladala uende Ngaramtoni. Kiarusha ni tawi la Kimaasai: kitenzi hutangulia, na toni ya nomino ndiyo humtenga mtenda na mtendwa. Mama anayeuza maziwa pale hufanya hivyo siku nzima huku anahesabu chenji.

Vitabu hupenda kusema ugumu ukipungua hapa huongezeka pale, jumla ibaki ileile. Mizani ya kupima jumla hiyo sijaiona. Nashuku lugha inaweza kweli kuwa nyepesi, mradi msikilizaji akubali kubahatisha zaidi. Kwa kununua ndizi sokoni Kilombero, hewala. Kwa mkataba wa shamba, thubutu.

Kwa hiyo ukiniletea rasimu, weka kando orodha ya maneno. Nionyeshe kiima kinatengwaje na yambwa, sifa inajulikanaje ni ya nani, na kishazi tegemezi, kama kile cha "aliyemng'ata mbwa", kinaishia wapi. Hilo la tatu hata mimi halijanikalia vizuri. Katika lugha ninayoitengeneza sasa nimeweka kineno cha kufungia kishazi. Sentensi ndefu zimetulia, ila kwenye fupi kila ninayemfundisha hukiruka na bado anaeleweka, hivyo nafikiria kukifanya cha hiari. Tatizo ni kwamba nikishaandika "cha hiari", nitalazimika kueleza ni lini.