SMU hawakufungiwa misimu miwili, ule wa pili walijifungia wenyewe

Mashabiki wa zamani wa SMU, kile chuo cha Dallas, wakianza kukumbushana futiboli ya Kimarekani ya enzi zao lazima utasikia "NCAA walitufungia miaka miwili ndo wakatuua" (NCAA ndo wanaosimamia michezo ya vyuo Marekani). Basi tuliweke sawa taratibu. Februari 1987 NCAA walifuta msimu mmoja tu, wa 1987, kwa sababu wachezaji walikuwa wanalipwa hela chini ya meza na chuo kilishaadhibiwa kabla kwa mambo hayohayo. Msimu wa 1988 waliruhusiwa mechi saba, zote za ugenini, nyumbani hakuna. Chuo chenyewe ndo kikasema hapana, hatuchezi, maana wachezaji walikuwa washaruhusiwa kuhama na wengi wakasepa, sasa ungecheza na nani?

Na hata kabla ya rungu mambo yalishaanza kupoa bwana. 1982 wakiwa na nyota wao Eric Dickerson hawakufungwa hata mechi moja, wakatoka sare moja tu, lakini 1985 na 1986 kila msimu wameshinda sita wamefungwa tano, kawaida tu hiyo.

Sisemi adhabu ilikuwa ndogo, la hasha. Walikatwa skolashipu 55 pia, na hiyo kwa maoni yangu iliwaumiza kuliko kufungiwa kwenyewe, manake 1989 wanarudi na kocha Forrest Gregg timu imejaa madogo wa mwaka wa kwanza, chuo cha Houston wakawapiga 95 kwa 21! Msimu wa kushinda zaidi ya kufungwa wakaja kuupata 1997.